Nilivyosafisha Ugonjwa wa Zaituni

Nyumbani kwetu hii habari haitajwi, na mke wangu akisikia nimeisimulia leo, tena kwa mdomo wangu, atadhani nimelewa. Wacha niiseme tu. Mimi ndiye yule Odhiambo aliyechekwa na ukumbi mzima hapa Kisumu, na kile kicheko, ndugu zangu, kilikuwa ndicho kitu chepesi cha siku hiyo.

Kazi yangu ni kupima mawimbi ya ubongo. Ukija kwa kliniki yetu nakubandika vidude vyenye nyaya kichwani, unalala, kompyuta inachora mistari. Shida ni kwamba mashine inanasa kila kitu: ukitafuna inachora, ukikaza shingo inachora, ukipepesa macho inachora milima, hata umeme wa ukutani unajichora humo (na jirani yetu wa kuchomelea milango akianza kazi, basi tena). Ndiyo maana kuna programu ya kusafisha. Inaigawa rekodi vipande, inakwambia hiki ni macho, hiki ni misuli, na wewe unatakiwa ukague kimoja kimoja kabla ya kutupa. Unatakiwa. Lakini kuna pia kitufe kimoja cha kutupa vyote kwa mpigo.

Sasa, daktari wa Nairobi anayesoma rekodi zetu alikuwa ameniandikia kwa grupu ya kazi, wote wakiona: "Odhiambo, wewe unapima ubongo au unapima posho mill?" Yaani mistari yangu inatetemeka kama kinu cha kusaga mahindi. Wenzangu wakajaza vicheko. Iliniuma. Wiki hiyohiyo ndiyo Zaituni aliletwa.

Zaituni ni fundi wa nguo pale soko la Kibuye, msichana wa miaka ishirini na kidogo, anashona pamoja na babake, Mzee Ramadhani. Alikuwa anapotea: sekunde chache tu, kope zinacheza, cherehani inaendelea kukimbia na kitambaa kinaharibika, halafu anarudi kama hakuna kitu. Hospitali nyingine ilikuwa imempa vidonge, lakini majirani walisema ni majini, wengine wakasema ni maringo, na kulikuwa na posa, kwa hiyo Mzee alitaka kujua ukweli kabla ya harusi.

"Daktari," aliniambia (mimi si daktari, na sikumsahihisha, jina lilinikaa vizuri), "tuambie tu kama huyu mtoto ni mgonjwa."

Nikaendelea na kipimo mpaka nikafika kwa ile taa inayowaka na kuzima harakaharaka mbele ya uso. Kope za Zaituni zikaanza kutetemeka, na kwa skrini, milima juu ya milima.

"Dada, wacha kupepesa macho, unaniharibia rekodi!"

Hakujibu. Baadaye kidogo akauliza, "Umesema?" Na mimi, msomi, nikaona hiyo ni dharau.

Walipotoka nikafungua programu. Vipande vilikuwa vingi, njaa ilikuwa inaniuma, na yale maneno ya posho mill bado yalikuwa yanazunguka kichwani. Nikabonyeza kile kitufe cha kutupa vyote. Programu ikauliza kama nina uhakika. Nikabofya ndiyo. Mistari ikanyooka, ikapendeza, nikatuma hiyo safi peke yake, ile ya asili nikaiacha ilale kwa kompyuta. Jibu likarudi kutoka Nairobi: kipimo ni cha kawaida, na rekodi safi, hongera. Hiyo hongera niliisoma mara tatu.

Hata hapo ningenyamaza ingekuwa afadhali, maana kueleza majibu si kazi yangu. Lakini Mzee alipokuja nikajifanya mkubwa. "Ubongo wa huyu ni safi kama sahani. Hizo dawa anameza bure. Mwambie aache mchezo." Mzee akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniombea dua.

Wiki kadhaa baadaye kukawa na mkutano wa wahudumu wa afya katika hoteli moja karibu na ziwa, na bosi akanituma nionyeshe tulivyoboresha kazi. Nilivaa tai. Nikachagua rekodi ya Zaituni (jina nilitoa, angalau hilo), nikaweka ile chafu kwa projekta, nikatania, "Huyu alikuwa anapepesa macho kama indiketa ya pikipiki." Watu wakacheka. Nikaweka ile safi. Watu wakapiga makofi, na mimi nikainama kidogo, mjinga mimi.

Mama mmoja aliyekaa nyuma, Daktari Atieno, mtaalamu wa kifafa, akasema, "Rudisha ile ya kwanza."

"Ile ni uchafu, madam."

"Rudisha."

Akaja mbele na kalamu yake. "Macho yakipepesa, milima inaonekana mbele ya kichwa. Hii imefika mpaka kisogoni. Ona: ncha, wimbi, ncha, wimbi. Kope zilitetemeka kwa sababu ubongo ulikuwa na shambulio la kifafa. Huu si uchafu. Huu ndio ugonjwa." Akanigeukia. "Programu ilikuuliza kabla ya kutupa?"

"Iliuliza."

"Ukasema?"

"Ndiyo."

Hapo ndipo ukumbi uliangua kicheko, mpaka wale wa kugawa chai. Yeye hakucheka. Aliuliza tu, "Huyu mgonjwa yuko wapi sasa?"

Sikujua. Nilitoka nikaenda Kibuye na tai yangu shingoni. Zaituni alikuwa amekaa kando ya cherehani, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kiwiko.

"Karibu daktari," Mzee akasema, akanitafutia kiti. Akanieleza kwamba Zaituni aliacha vidonge kama nilivyosema, na siku moja akapotea akiwa na pasi ya makaa. "Watu wakasema amejichoma makusudi akimbie ndoa. Na mimi nilijua ubongo ni safi. Nilimgombeza, Bwana. Mkono ukiwa bado mbichi, nilimgombeza."

Nikamwambia. Sijui nilianzia wapi, ila nilimwambia yote. Mzee akakaa kwa kile kiti alichonitafutia.

Zaituni ndiye aliongea. "Taa ilipowaka nilipotea. Niliporudi nikakuta umekasirika." Halafu, "Sasa waambie hawa wote. Sauti iwe kubwa."

Cherehani za mafundi wenzake zikanyamaza moja moja. Nikasimama katikati ya nguo za watu nikatangaza kwamba Zaituni hakuwa anajifanya, ni mgonjwa, na aliyekosea ni mimi. Hakuna aliyecheka.

Daktari Atieno aliisoma ile rekodi ya asili, akampa dawa inayomfaa, na sasa ni nadra apotee. Ila vidole viwili havikunjiki vizuri, na watu wa posa walikuwa wameshaenda, hawakurudi hata waliposikia ukweli.

Mimi nimeapa: kile kitufe sikigusi tena, nakagua kipande kimoja kimoja hata nikilala njaa, natuma rekodi zote mbili, na kuhusu majibu nafunga mdomo. Zaituni alipoletwa kwa kipimo cha pili, aliuliza pale mlangoni kama kuna mtu mwingine wa kumpima. Mwenzangu Beryl akaingia naye. Mimi nilikaa nje kwa benchi la wagonjwa, kando ya Mzee, mpaka wakamaliza.