Unga wa Mzazi

Mtu wa kwetu Manyatta akipata safari ya ndege, hata kabla hajawaaga wakwe, hufika kwangu. Mimi ndiye mjuzi. Nimesafiri mara moja tu, kwenda na kurudi, lakini asiye na mengi ana machache, na hayo machache nimeyahubiri miaka minne sasa.

Nawaketisha jikoni, nawamiminia chai, nawafundisha kama darasa la nne. Begi lipimwe likiwa limeshajaa kila kitu, na likishapimwa lisifunguliwe tena. Pasipoti isizikwe chini ya nguo. Usimbebee mtu mzigo usioujua. Na kiatu kizito usikipakie, kivae mguuni. Hilo la kiatu hulirudia mara mbili, tena kwa ukali, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Mama yangu, ambaye nyumba yake imepakana na yangu, huketi mlangoni akichambua maharagwe. Nikimaliza, huongeza la kwake: "Na msibebe unga. Wale watu wa ndege wanatupa. Walitupa wa huyu." Wageni huguna kwa masikitiko. Mimi huinuka kuongeza maji kwenye sufuria isiyohitaji maji.

Hakuna mtu wa ndege aliyetupa unga wangu.

Dada yangu, kitinda mimba wetu, ameolewa nchi ya baridi. Alipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza, mama hakuweza kwenda kwa sababu ya magoti. Mimi ni mwalimu, shule zilikuwa zimefungwa, nikatumwa badala yake. Kwetu mzazi hapewi chai ikasemwa ametunzwa. Hunywa ucuru, uji mwepesi wa wimbi na mtama, moto moto, mpaka maziwa yashuke, na unga wenyewe hutoka mikononi mwa mama yake. Dada hakuomba kitu kingine. Aliniambia kwa simu, "Zawadi achana nazo. Wewe niletee tu unga ya mami, please. Nikikunywa hiyo nitajua niko na watu."

Mama alinunua wimbi sokoni, akaagiza mtama kwa ndugu yake huko chini Mbeere, akapeleka kwa mashine. Lakini konzi za kwanza alizisaga mwenyewe juu ya jiwe la nyanya yetu, amepiga magoti yale yale mabovu, maana kwake unga wa mzazi hausagwi wote na mashine. Akafunga kilo tatu katika kitambaa chake cha kichwa, kile cha kanisani. Tukalipeleka begi kwenye kituo cha kununulia majani chai, karani akalitundika kwenye mizani. Lilitosha barabara, hata robo haikuzidi. Mama akacheka: "Mami, leo umepimwa kama majani." Huniita mami kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

Tuliporudi nyumbani nikaingiza buti. Zilikuwa za ngozi, za kisigino kinene, nilizozinunua Embu mjini, na nilikuwa nimeshajiona nikitembea nazo huko ng'ambo. Kuzivaa safarini niliogopa zingekunjika. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Kwenye uwanja wa ndege msichana wa mizani alisema, "Madam, imezidi. Toa kilo tatu." Pesa ya kulipia sikuwa nayo. Nikafungua begi sakafuni. Kitambaa kilikuwa kimelegea, unga ukamwagika kidogo kwenye vigae vinavyong'aa, na harufu ya moshi wa jikoni kwetu ikapanda. Kijana mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu amebeba posho mill, mashine nzima ya kusaga!" Wenzake wakacheka. Mwanamke mmoja wa makamo akaniinamia, akaninong'oneza, "Vaa hizo buti, dada. Zivae tu, unga ibaki."

Nilimsikia vizuri. Ningeketi chini, nivue raba, nivae buti, yaishe. Dakika mbili. Lakini niliwaza nitakavyoonekana pale sakafuni, mwalimu mzima, nikipigania unga kama mshamba. Nikasema kwa sauti, kwa Kiingereza changu cha darasani, kwamba hata si wangu, nimebebeshwa tu. Kisha nikautia kwenye pipa la taka pamoja na kitambaa chake. Vijana wale walikuwa wameshaanza kuongea mambo mengine.

Dada alikuwa na siku tano tangu ajifungue. Hata sijavua koti akauliza, "Unga iko wapi?" Nikamwambia walinipokonya, wakautupa. Alilia huku mtoto akiwa kifuani, halafu akanishika mkono akanifariji mimi: "Pole. Si makosa yako." Maziwa yalimjia kidogo, na wiki ya tatu yakakauka. Sisemi ni kwa ajili ya unga, wapo wanaokauka na uji wanao. Lakini kila nilipomkorogea mtoto maziwa ya kopo sikuweza kumtazama mama yake machoni. Naye mama yetu huko nyumbani alipopigiwa simu akasema makosa ni yake, kwamba angejua mambo ya ndege asingenibebesha mzigo wa kuniaibisha. Akaniomba msamaha. Nilisikia haya mpaka masikio yakawaka, na bado nikamjibu, "Usijali, mami."

Mwaka huu dada ana mimba tena, na mimi ndiye ninayekwenda. Mama hakutaja unga hata siku moja, wala dada hakuuomba. Uongo wangu ulikuwa umeshawafundisha wote wawili wasitarajie.

Kisha binti wa jirani akasafiri. Alikuwa amepita jikoni kwangu, akanisikiliza mimi, akamsikiliza mama, akabeba unga wake vivyo hivyo. Siku tatu baadaye alipiga simu, na mama yake akaja na simu uani, sauti juu, ili tusikie: "Unga ilipita! Hawakuuliza hata kitu!" Mama aliendelea kuchambua maharagwe. Hakunitazama. Afadhali angenitazama.

Juzi tulilipeleka begi langu kwenye kituo cha chai, kama mara ile, buti zikiwa ndani kwa kuwa unga haukuwepo. Uzito ukatosha. Ndipo mama akatoa kifurushi chini ya leso, kimefungwa kwa kitambaa kingine cha kanisani, kilo tatu, akakitia ndani. Mshale wa mizani ukapita kiwango. Mama akafungua zipu kwa mikono yake, akazitoa buti, zile zile, akaziweka mbele ya miguu yangu.

"Miaka minne nakusikia ukifundisha watu," alisema. "Buti zivae, mami. Unga hauvaliwi."

Karani alikuwa akitutazama, na wakulima foleni nzima na vikapu vyao vya majani. Nikaketi chini mbele yao wote, nikavua kandambili, nikazivaa.