Jigi Isiyo na Mwenyewe

Fikiria sebule yetu ya Wadi Kabir, mtaa wa mji wa Kiarabu tulikohamia, jua linapozama: mapazia yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma, na mimi, mtoto wa miaka kumi, nimesimama na fidla begani, macho kwenye mlango wa chumba cha Bibi.

Nilipokuwa mtoto, Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, alinikataza wimbo mmoja tu. Fidla nilifundishwa na jirani yetu Bi Nora, mtu wa Ayalandi, ambaye mumewe alifanya kazi kwenye viwanda vya Rusayl. Wimbo wenyewe ulikuwa jigi, muziki wa kuchezea wa kwao, unaokwenda kama mtu anayeshuka ngazi kwa kurukaruka. Nilimuuliza ulitoka wapi. Akasema mpiga fidla mmoja alilala juu ya kilima, akawasikia watu wa chini ya ardhi wakiupiga, akaamka nao vidoleni.

"Hauna mwenyewe," akamalizia.

Nikamsimulia Bibi. Kijiko kikasimama kikombeni.

"Hauna mwenyewe? Basi una wenyewe!" Nyumbani kwetu majini waliitwa hivyo, jina lao halikutajwa. "Skiza, mjukuu wangu. Piga zote, hiyo iwache. Na magharibi usithubutu."

"Lakini Bibi, hao ni wa Ayalandi."

"Na Bi Nora kaja kwa miguu? Kapanda ndege. Wao watashindwa?"

Jioni ile niliupiga, polepole, hadi mwisho, kwa kuwa kesho yake Bi Nora angenisikiliza. Salma, mdogo wangu wa miaka miwili, alikuwa kwenye zulia, akapiga makofi. Haikufika isha, mwili wake ukawa moto, anajishika kichwa, analia kilio ambacho sikuwahi kukisikia. Baba na Mama wakamkimbiza hospitali. Nikabaki na Bibi, na fidla iko juu ya kochi, nje ya sanduku lake.

Bibi akaiona. Akaiinua, akairudisha sandukuni. Afadhali angenipiga.

"Bibi, nimemuua Salma?"

Akaniketisha ubavuni mwake, akatia ubani kwenye chetezo, akasema kama anayezungumza na wageni waliosimama mlangoni: "Huyu mtoto, hajui. Mtu mzima ni mimi. Nnaomba radhi mimi." Mkono wake ulikuwa juu ya wangu. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani nililidhani la Baba.

Hatimaye Baba akampigia Bibi simu. "Ni sikio, Mama, limevimba ndani. Kapewa dawa, kalala."

"Sikio!" Bibi akaruka. "Si nilisema? Wangepitia wapi kama si sikioni?" Kisha akajifunika uso kwa mtandio, akalia.

Miaka mingi baadaye nilimwandikia Bi Nora kumuuliza tena wimbo ule ulitoka wapi. Akajibu kwamba alifundishwa na baba yake, na baba yake alifundishwa na mwanamke mpita njia aliyekuja kutafuta kibarua cha mavuno. Jina lake hakuna aliyeliuliza. Hadithi ya kilima ilikuja baadaye, kujaza nafasi yake.

Kuhusu sikio, hata leo sina hakika moyoni, ingawa kichwani ninayo. Ninachojua ni kwamba Bibi aliamini kabisa kuwa wenyewe wamefika, akaogopa kuliko mimi, na bado akalibeba kosa langu mbele yao. Nakuomba ukumbuke jambo moja: mtoto akikujia na hofu ambayo kwako haina maana, mshike mkono kwanza. Maelezo yatangoja.