Usimkimbilie Aliyefukiwa

Siku yangu ya kwanza timboni, kule nyuma ya Mjambere tulikochimba mawe ya kujengea, nyapara hakuniuliza nimesoma wapi. Ningemwambia darasa la tatu. Alinipa mtaimbo, akanionyesha ukuta wa mawe ulionipita kimo mara kadhaa, akasema, "Ukiona vijiwe vinatiririka huko juu, kimbia. Usiniage." Mafunzo yangu yakaishia hapo. Hofu ya vile vijiwe nililala nayo, nikaamka nayo.

Nilipopewa unyapara mimi, nilitaka kujua watu wangu hawajui nini. Kuwauliza ni bure, mtu akiulizwa na mkubwa wake husema, "Najua, mzee." Basi asubuhi moja nikamlaza Karisa, mmoja wa wachimbaji wangu, chini ya ukuta mzima, usio na ufa, nikamwambia apige kelele kama aliyefukiwa. Wallahi, timbo zima lilitupa sululu likamkimbilia, na hakuna hata mmoja aliyetazama juu kama ukuta unashuka tena. Hapo nikajua la kuwafundisha: kusimama. Mmoja autazame ukuta, asiguse chepe. Wawili wachimbe kutoka ubavuni. Waliobaki wakae mbali, hata kama aliyefukiwa ni wa tumbo moja.

Mwenye timbo alipotukuta mazoezini alifoka. "Nawalipa wachimbe au wacheze kombolela?"

"Njoo ucheze nasi, tajiri," nikamjibu. Hakuja.

Kisha ukuta ukashuka kweli, ukamfukia Kalume, mdogo wake Karisa, hadi kifuani.

"Kaka, usiniache!"

Karisa akachomoka, nikamkamata kiunoni.

"Niache, mzee! Kwani wewe si mtu?"

Nikazidi kumbana. Wawili wakachimba. Mtazamaji akapaza sauti, "Vijiwe!" Wakaruka nyuma, na bonge la jiwe likatua kando ya Kalume, palepale ambapo tungekuwa tumejazana sote. Wakarudi, wakamtoa. Mguu umevunjika, roho imo.

Sasa nimestaafu, na Karisa ndiye nyapara. Juzi alikuja kunijulia hali.

"Shikamoo, mzee. Nina wachimbaji wapya. Wanasema wameelewa."

"Umewajaribu kwa kelele?"

"Bado."

Nikampokonya kikombe cha kahawa. "Nenda kawajaribu! Mimi niliyewafundisha nyote, lori likimwaga kokoto hapo jirani, najikuta mlangoni, miguu inataka kumkimbilia aliyefukiwa. Sembuse hao."