Samaki wa Matanga ya Célestin

Watu wanaosema Véronique iko na kiburi wananichosha. Mimi niko jirani yake tangu tuolewe huku, upande wa Lusangi, na kiburi chenyewe sijakiona. Nimeona kisima tu.

Mume wake, Célestin, ndiye alikichimba, chini ya shamba la mihogo. Juu ya shamba kunapita kijito. Kila mvua zikikaribia kuisha, yeye na muke wake walikuwa wanakiziba kwa udongo na magogo ya migomba, maji yasimame. Wanawake tulinung'unika, maana samaki walijaa mule, na sisi kila kiangazi tunakausha vijito tuvue. Célestin alikuwa anacheka. "Maji haya yanashuka chini kwa chini mupaka kisimani. Mukiyaachilia, mutakunywa nini?" Na kweli, vijito vingine vilikauka, kisima chake hakikukauka. Tuliteka wote.

Mwaka huu, mwezi wa tano, Célestin akafa kwa ugonjwa wa tumbo. Watu wakaja matangani kutoka Kasongo na Kabambare, na mboga ya bugali haikupatikana. Gaston, mudogo wa marehemu, akasema wabomoe kizuizi cha kijito, wavue. Véronique akainuka kwenye mukeka, akawaomba wasifanye vile. Wakamujibu kwamba mufiwa hapangi mambo ya matanga, akae alie. Penye wazee haliharibiki neno, tunaambiwa. Siku ile wazee walijaa kiwanja kizima. Samaki wakaliwa, na walikuwa watamu.

Mvua haikurudi. Véronique alijenga kizuizi tena peke yake, lakini kijito kilikuwa kimebaki uzi tu. Mwezi wa saba ndoo ikapanda na matope. Nilimukuta ameketi pembeni ya kisima, analia kuliko alivyolia siku ya maziko.

"Mutoto hatukupata," akaniambia. "Alichoniachia ni hiki tu."

Gaston akafika na bidoni yake ya kutekea maji, akachungulia ndani, akatikisa kichwa. "Pole, shemeji. Kisima kimemufuata mwenyewe."

"Hapana, shemeji," Véronique akamujibu polepole. "Mume wangu alikufa akakiacha na maji. Ninyi ndio mulikula kisima, pamoja na bugali, siku ya kumulilia."

Gaston akachukua bidoni yake na ya shemeji yake, zote tupu, akashika njia ndefu ya mutoni.