Mlango Niliomfungulia Simba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaisahau. Sijawahi kukusimulia. Nakusimulia leo kwa sababu jana ulimleta yule bwana hapa Boko kunitambulisha, ukaniambia mwisho wa mwezi anahamia kwako Ukonga. Yeye alicheka vizuri na chai alikunywa. Lakini mjukuu wangu alikaa kona ya mbali ya sebule tangu mlipoingia mpaka mlipoondoka, na mimi usiku sikulala.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilifanya kazi kwenye bustani ya wanyama ya mtu binafsi, mbele kidogo ya hapa, enzi hizo huku bado kuna mikorosho na vichaka. Nilifagia vizimba na kukata nyama. Tulikuwa na simba jike wawili, ndugu wa tumbo moja, Tatu na Mwanne. Dume wao alikufa kwa uzee, akaacha watoto watatu, wawili wa Tatu na mmoja wa Mwanne. Nasema hivyo, ila ukiwaona wananyonya usingejua nani wa nani. Jike yeyote aliyejilaza alinyonywa na wote watatu, na mmoja akienda kula, mwenzake alibaki na watoto. Mimi na ujana wangu nikawaonea huruma. Nikajiambia, masikini, familia haina baba.

Tajiri, mwenye bustani, akaleta dume mwingine. Akawekwa kizimba cha pili, katikati pana mlango wa chuma wa kupandishwa kwa mnyororo. Mkuu wetu wa kazi, Mzee Pazi, Mzaramo wa Mwananyamala aliyezeekea kazini hapo, alinishika bega.

"We kijana, mlango huo usiuguse mpaka watoto wakue. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mzee."

Nilisikia kwa masikio tu. Wiki nzima yule dume alilala pale mlangoni akinguruma chinichini, nami nikadhani ni upweke. Nilijiona namwelewa kuliko mzee aliyeishi na simba maisha yake yote. Ujana una kiburi chake, wewe mwenyewe unajua.

Asubuhi moja Mzee Pazi akaenda getini kupokea nyama. Nikavuta mnyororo. Nilipandisha mlango kidogo tu, nikitegemea watanusana wazoeane.

Yule dume alijikunja akapita chini ya mlango, akaenda moja kwa moja kwa watoto. Hakukimbia, mwanangu. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Alitembea taratibu, wala hakuonekana kuwa na hasira. Yule mtoto wa Mwanne alidhani ni mchezo, akalala chali amwonyeshe tumbo. Aling'atwa shingoni mara moja tu, akanyamaza.

Tatu na Mwanne walikuwa wanakunywa maji. Walikuja pamoja, wakasimama bega kwa bega mbele ya wale wawili waliobaki, na ngurumo iliyotoka pale ilitikisa bati juu ya kichwa changu. Walimrukia, wakamrarua uso, naye akampiga Tatu akamwangusha, Tatu akainuka tena. Mimi nimeshika mnyororo, siwezi kuuvuta wala kuuachia. Nilijikojolea. Sioni haya kukwambia.

Mzee Pazi alikuja mbio na mpira wa maji, akimmwagia dume usoni na kugonga nondo kwa nguvu, mpaka akarudi upande wake. Kisha akauchukua mnyororo mikononi mwangu, akashusha mlango.

"Nilidhani wanahitaji baba," nikasema.

"Huyo usimlaumu," akanijibu. "Dume mgeni ndivyo alivyo. Anaua watoto wa mwenzake ili mama zao wamzalie wa kwake. Akipata wake, atakubali kufa kwa ajili yao. Mwenye kosa ni wewe. Hawa mama wamekuonyesha wiki nzima, huoni wanavyowalaza watoto kona ya mbali?"

Sikuwa nimeona. Mwanne alimbeba mtoto wake aliyekufa mdomoni siku ile nzima, anamweka chini, anamlamba, anambeba tena.

Miaka michache baadaye nikampenda mama yako, mjane, na wewe una miaka minne. Hapo ndipo nikaogopa kweli, maana sasa dume mgeni nilikuwa mimi. Mama zako wadogo wawili walikuwa wanaishi naye Mwananyamala. Walinikalisha kibarazani karibu mwaka mzima, chai naletewa hukohuko nje. Rafiki zangu walinicheka sana. Sikulalamika hata siku moja, kwa sababu nilishawahi kuona mlango ukifunguliwa mapema. Mpaka jioni moja ukatoka wewe, kandambili mguu mmoja, ukanishika kidole ukanivuta ndani. Mama zako wadogo wakatazamana, wakanipisha.

Kwa hiyo sikukatazi kuolewa, mwanangu. Wala sisemi huyo bwana ni mbaya, simjui, na binadamu si simba, ana uwezo wa kuchagua. Ninachosema ni kwamba wewe pia humjui bado. Mwache kwanza barazani. Waite dada zako waje wakae, wamwone akikataliwa jambo, wamwone akisubirishwa. Akichukia kusubiri, jibu umelipata. Na kila akija, kabla hujamtazama yeye, tazama mwanao amekaa wapi. Siku mtoto akitoka mwenyewe konani akamshika mkono, nipigie simu, nitakuja kucheza ngoma ya harusi na magoti yangu haya mabovu.

Mungu akulindie nyumba yako, awajalie dada zako wasimame nawe bega kwa bega. Na mjukuu wangu amjalie alale popote ndani ya nyumba ya mama yake, hata katikati ya sebule, bila hofu.