Ziwa la Bibi Kwenye Chupa ya Pipi

Sisi tuliokulia Mwandoya enzi redio ya betri ilipokuwa mali ya mtaa mzima, kucheza tulikujua. Jioni, ng'ombe wakisharudi zizini na vumbi halijatua, tulipiga kombolela mpaka sauti zikakauka. Wasichana tulicheza rede kwa mpira wa soksi uliojazwa pamba, na pamba tulikuwa nayo bwana, maana wakati wa mavuno nyumba nzima iligeuka ghala. Tulilala juu ya pamba na kuamka na nyuzi kichwani. Shuleni tulikwenda na kuni kwapani na michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, mfukoni, tukiitafuna mpaka taya zikauma. Mtoto wa leo ukimpa mchembe anakuuliza kama ni chipsi zilizoharibika.

Lakini ninachokikumbuka kwa furaha kuliko vyote ni ziwa. Wenzangu wa Meatu najua mtacheka. Ziwa gani huko kwetu, ambako hata lambo la kunyweshea ng'ombe hukauka likabaki matope yenye alama za kwato? Ziwa letu lilikuwa ndani ya chupa ya pipi, yale machupa makubwa ya kioo kinene yenye mdomo mpana yaliyokaa juu ya kaunta za maduka. Tulilitengeneza mimi na kaka yangu Masanja, na tulilitengeneza kwa sababu Bibi alitaka kutuacha.

Bibi Milembe, mama yake baba, alikuwa mtu wa Nassa. Alizaliwa ziwani, akaolewa huko huko ziwani, akalima na kuanika dagaa mpaka babu alipofariki. Baba akamfuata, akamleta kwetu. Alikuja na kitanda chake, mtungi wake wa maji na malalamiko yake. Maji ya lambo, alisema, yana rangi ya chai. Upepo wetu ni vumbi tupu. "Hapa hata chura anahama," alimwambia mama, na mama akacheka kwa adabu huku anasonga ugali.

Sisi tulimpenda vibaya mno. Chini ya kitanda chake kulikuwa na debe la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, na debe hilo halikujua kuisha. Mama akishika fimbo, ulikimbilia nyuma ya kanga ya Bibi na kesi imefutwa. Alijua kuiga mwendo wa kila mtu pale kijijini, kuanzia mwalimu mkuu hadi dume letu la ng'ombe, na usiombe akuige wewe.

Basi siku moja tunachambua pamba barazani, tukamsikia anamwambia baba, "Ng'wanawane, mwanangu, mimi nimekaa vya kutosha. Gari la pamba likija napanda nalo, narudi kwangu." Baba akainamisha kichwa tu. Kwetu mtu hambishii mama yake, hata awe na ng'ombe wa kujaza bonde. Mimi nililia siku ile hadi nikakosa hamu ya kula, na kwa mtoto niliyekuwa mimi hiyo ilikuwa habari. Masanja hakulia. Yeye alikuwa mtu wa mipango.

"Bibi hana ugomvi na sisi," akaniambia. "Ana hamu ya ziwa. Tumpe ziwa."

Mwenye duka pale senta, Mzee Juma, mtu wa Kondoa aliyezeekea Mwandoya, alikuwa na chupa iliyovunjika mfuniko. Tukamwamkia vizuri kupita kawaida yetu, tukamwomba.

"Mnataka kuwekea nini?"

"Ziwa," Masanja akajibu.

Mzee Juma alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akatupatia chupa, na pipi mbili akaziacha ndani.

Sasa mkumbuke, sisi tulikuwa watoto wa wafugaji. Kila chenye uhai tulikielewa kwa njia ya ng'ombe. Ng'ombe ananawiri kwa nini? Kwa mashudu na chumvi ya kulamba. Tukanasa visamaki lamboni kwa kipande cha chandarua, tukavitia kwenye chupa, tukamwagia konzi nzuri ya mashudu ya mbegu za pamba, halafu Masanja akamega jiwe la chumvi kutoka zizini akalidumbukiza. Akasema wakianza kulilamba tutaona manyoya yao yanavyong'aa. Nikamkumbusha samaki hana manyoya, akaniambia ndiyo maana anahitaji chumvi.

Kesho yake maji yalikuwa mazito kama togwa, nzi wa zizi zima wamehamia dirishani kwetu, na samaki wanaelea matumbo juu. Tukampelekea Bibi hivyo hivyo, maana hatukuwa na kingine cha kumpa. Akachungulia, akaziba pua.

"Mmeniletea ziwa au mmeniletea supu?"

Alicheka akajishika mbavu. Tangu aje hatukuwa tumemsikia akicheka vile, cheko la kumtoa machozi. Halafu akatukaripia. "Nyie ndama! Samaki mmemlisha, haya, atajificha wapi? Atapumua nini? Leteni majani kwanza. Samaki wenu watasubiri."

Majani yenyewe, wapenzi, hayakuwa na ufundi wowote. Kwenye lambo yaliota yale marefu mepesi kama mkia wa paka, hayana hata mizizi ya maana, yanaelea tu. Ukikata kipande, kipande kile kinaendelea na maisha yake kama vile hukukikata. Tukayasuuza vizuri tusije tukabeba ruba, tukatandika mchanga wa mtoni chini ya chupa, tukamimina maji yaliyolala yakatulia. Kwa mkulima wa pamba aliyezoea kupalilia, kupiga dawa na kuomba mvua, mmea usiodai chochote ulikuwa muujiza.

Mapambo aliyatoa Bibi mwenyewe. Mtungi wake wa maji aliuweka pembeni mwa chumba kwenye giza kidogo, na kwa jinsi ulivyotoa jasho mchana kutwa, jiwe lililoushikilia lilikuwa limeota yale majani mafupi, laini, ya kijani kibichi, ambayo sisi tuliyaita manyoya ya mtungi. Bibi akayabandua kwa kucha, akayatandaza juu ya kijiwe, yawe membamba. Akachomoa pamba kwenye gunia, akaisokota juu ya paja lake ikawa uzi, akayafunga kuzunguka kijiwe, taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

"Hiyo pamba si itaoza, Bibi?"

"Acha ioze. Yakishashika jiwe, kamba ya nini tena?"

Tulikosea tena, msidhani. Tuliiweka chupa kwenye jua kali ili majani yashibe, maji yakageuka kijani kama mlenda. Bibi akaihamishia karibu na kitanda chake, mahali ambapo mwanga wa asubuhi unafika ukaondoka, akatutuma konokono wadogo wa lamboni wale ule ukoga. Maji yakasafika. Na siku moja nikaona kwenye ncha za majani vipovu vidogo vidogo vimejipanga, kimoja kinajitoa, kinapanda juu, kingine kinafuata. Nikamwita Masanja. Tulikaa pale tumebanana vichwa hadi mama akatutafuta kwa kelele.

Ndipo tukaruhusiwa samaki. Safari hii wachache, wa kidole kidogo, na chakula chao kilikuwa viluwiluwi vya mbu vya kuchota kwenye hori. Wale mashujaa walikula, wakajificha kwenye majani, wakatoka wakala tena. Kina mama wakitoka kanisani walipitia kwetu, wakimwamkia Bibi kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu! Tuonyeshe ziwa!" Bibi alijifanya amechoshwa na wageni, kumbe kabla hawajafika ameshafuta kioo kwa upindo wa kanga.

Gari la pamba likaja. Magunia yakapimwa, vijana wakapakia wakiimba, na Bibi alikuwa ameshafunga mzigo wake tangu alfajiri, kanga mpya, viatu miguuni. Baba amemwombea nafasi ya mbele kwa dereva. Mimi nilijificha nyuma ya ghala kwa sababu sikutaka kumwona akipanda. Nikaziba masikio nisisikie injini.

Masanja ndiye aliyenisimulia. Anasema Bibi aliingia chumbani kuaga chupa, akakuta majani yamekua yamefika juu yameanza kujikunja. Akavua viatu. Akaomba wembe. Akaanza kuyapunguza, kipande kwa kipande, dereva anapiga honi nje, baba amesimama mlangoni.

"Nikiondoka haya atayapunguza nani?" Bibi akasema, bila kugeuka. "Hawa ndama? Watayaua. Mwambie dereva nitakwenda msimu ujao."

Nilitoka nyuma ya ghala nikakuta gari halipo na Bibi yupo, nikamrukia kiunoni nusura tuangushe chupa. Furaha ile sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo. Kuanzia hapo kila msimu Bibi alisema atakwenda msimu ujao, na alisema hivyo mpaka tulipomzika pale pale Mwandoya, na mafundo ya uzi wake wa pamba yalikuwa yameoza zamani sana.

Siku hizi naishi Bariadi mjini, na mwanangu Brayani ana tangi la samaki chumbani kwake. Tangi la haja. Lina mashine ya kupuliza hewa, lina taa inayobadilika rangi kama ukumbi wa harusi, na majani yake ni ya plastiki, mengine ya pinki. Nilimletea majani halisi kwenye mfuko, akaniambia, "Mama, hayo yanachafua maji," halafu akarudi kwenye simu kuuliza watu asiowajua kwa nini samaki wake wanakufa. Sikubishana naye. Majani ya plastiki hayataki mwanga, hayataki kupunguzwa, na hayajawahi kumzuia mtu safari.

Mama yangu yuko kwetu sasa. Miguu inamsumbua, tumemtoa Mwandoya awe karibu na hospitali, na chumba tulichompa ni cha Brayani. Mchana anakaa ukingoni mwa kitanda anatazama samaki, mikono mapajani. Juzi Brayani alinifuata jikoni, akasogea karibu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, kwani bibi anaondoka lini?"

Si mtoto mbaya. Anataka chumba chake tu. Nikaendelea kukatakata mchicha, nikakumbuka kwamba mimi nami, siku zile za kungoja gari la pamba, nilikuwa nikimuuliza baba swali hilo hilo, neno kwa neno, ila mimi niliuliza huku nalia.