Vigurudumu Viwili vya Mshipi

Nikinusa mafuta ya cherehani, namwona baba ufukweni Chato, yuko likizo kutoka mgodini, akipaka mafuta vigurudumu viwili vya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki alivyoachiwa na fundi Mzungu. Kimoja kiling'aa, kingine cheusi. Alitaka kujua kipi bora, akampa bibi, mama yake, kile cheusi.

Cha baba kilirusha chambo mbali, lakini mshipi ukajisokota. Alipokuwa akiufumua, samaki akanasa kwa bibi.

"Mayu, usimvute. Mwache achoke," baba akamwambia mama yake.

"Achoke yeye au mimi?" bibi akauliza, miguu ikizama matopeni.

Baba akamshika bibi kiunoni, nami nikamshika baba. Kambare aliyetoka alinizidi urefu.

Asubuhi ya safari ya kurudi mgodini, baba alifunga mizigoni kile kinachong'aa. Cheusi bibi alikuwa ameshakwenda nacho ziwani.